Chuma cha Kwanza cha Silvester Chengula

Msibani Clement alisoma wasifu wa mistari kumi na moja. Niliihesabu kwa vidole chini ya kanga, maana nilikuwa nasubiri mmoja tu. Kwamba baba yake mdogo, Silvester Chengula, alizaliwa Kilolo mwaka 1981. Kwamba alimaliza darasa la saba, akafunga ndoa na Eveline, wakajaliwa mabinti wawili. Kwamba aliimba besi kwenye kwaya ya parokia. Halafu ukaja: "Mwaka 2017 alipata ajali ya mguu, akatibiwa Mbeya, akapona." Clement akafunua ukurasa, akaingia kwenye homa ya mapafu iliyomchukua mwezi wa pili mwaka huu wa 2024, na watu wakaguna kwa huzuni kama inavyopasa.

Mimi nilikuwa nimekaa mkekani kati ya wanawake wa Mafinga, mgeni kutoka Mbeya, na kiganja changu cha kulia kilikuwa kinawasha. Jeneza lilikuwa la paini, limerandwa vizuri. Nikawaza, nani amezigonga mbao hizi kuona kama zimekauka? Aliyekuwa anaijua kazi hiyo ndiye aliyelala ndani.

Akatibiwa, akapona. Kati ya maneno hayo mawili nimesimama mimi, Ikupa, mama yake Sekela, na kopo langu la majivu. Clement hakujua, simlaumu. Kwa hiyo naandika wasifu wa Silvester upya, na nitaeleza mwishoni aliyeniamuru. Kuandika najua. Nilijifunza kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni, na mwalimu alisema herufi zangu zimesimama kama mahindi. Anayeona kosa alivuke aendelee mbele.

Silvester aliondoka Kilolo akiwa na miaka kumi na saba, akaliacha shamba la njegere la baba yake, akaenda Mafinga kupakia mbao. Pale Mafinga miti ya Sao Hill inaingia viwandani mizima na kutoka vipande, na kila kipande lazima kipande gari kwa bega la mtu. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu nene kama kisigino. Lakini hakusifiwa kwa bega. Alisifiwa kwa sikio. Aliweza kupita kwenye rundo la mbao, akagonga moja moja kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, akasema hii kavu, hii kavu, hii bichi, toa. Madereva walimwita kabla ya kupakia, maana mbao mbichi inalemea gari na ikifika kwa mnunuzi inajipinda. Nilimuuliza siku moja anasikia nini. Akasema, "Mama, kavu inaitika. Mbichi inameza."

Mwezi wa sita mwaka 2017 alisindikiza mzigo hadi Uyole. Walipofungua mnyororo, mbao zilitelemka zote kwa pamoja kama watu wanaotoka kanisani, zikamlalia mguu wa kushoto. Mfupa wa muundi ulipasua ngozi ukachungulia nje, ukala udongo. Ndivyo alivyoletwa kwenye hospitali niliyokuwa nafanya kazi. Jina la hospitali siliandiki, maana kosa halikuwa la hospitali.

Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma vya chumba cha upasuaji. Mikasi, koleo, visu, misumeno, na vile vyuma vinavyoingizwa kwenye mifupa. Miaka thelathini na moja. Vilikuja kwangu na damu, vikatoka vinang'aa, vikaingia kwenye mashine ya mvuke, vikarudi kwa madaktari. Haijatokea hata siku moja chombo changu kikarudishwa kwamba hakijatakata. Wengine walirudishiwa. Mimi hapana.

Na mjue nilikotoka. Kwetu Rungwe bibi yangu alikuwa na kichanja cha vyombo kinachotazama njia, na sufuria zilipangwa matako nje, ili kila apitaye aone. Sufuria yenye masizi ilikuwa aibu ya mwanamke, na ya mama yake, na ya shangazi yake aliyemfunda. Nilipoolewa, mama mkwe hakunitazama uso. Alikwenda kwanza kwenye kichanja. Tulisugua kwa majivu ya maganda ya ndizi na mchanga laini wa mtoni, mpaka unaona meno yako kwenye tako la sufuria. Majivu hayo nilikuja nayo kazini. Yalikatazwa. Niliyaweka kwenye kopo nyuma ya ndoo ya sabuni, nikayatumia kwa vyuma vikaidi tu, na vilinitii.

Siku ile Silvester akiwa mezani, msimamizi wetu, Sista Faustina, aliingia mbio ameshika chuma kwa kitambaa. Chuma kirefu, chembamba, cha kupitisha ndani ya mfupa kutoka goti hadi kifundo.

"Mama Sekela, pakiti ya hiki imechanika mkononi mwangu. Kipitishe kwenye mvuke tu, usikifanye kitu kingine. Mtu yuko mezani."

"Faustina binti yangu, unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi mama, nakukumbusha."

"Mimi nilianza kuosha vyuma hapa wewe bado unaoshwa makalio."

Akacheka, akakimbia. Nikabaki na chuma. Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, moyo ukakataa. Kilikuwa cheusi. Si cheusi cha rangi, ni ule weusi wa kijivu uliofifia, kama sufuria iliyokaa juu ya mafiga na kufutwafutwa na mtu mvivu. Nikasema hawa wazungu waliokileta wametuletea uchafu wao, wakadhani sisi hatuoni. Nikachukua kopo. Nikasugua kwa waya na majivu, nikazungusha, nikasugua, maji yakatelemka kwenye sinki kijivu-kijivu kama maji ya vyombo vya sherehe. Nilipokisuuza kilikuwa cheupe. Niliona jicho langu ndani yake.

Nilifurahi. Lazima niliandike hilo, nilifurahi sana. Nikakipitisha kwenye mvuke kama nilivyoagizwa, nikakipeleka mwenyewe mlangoni. Daktari alikuwa Dokta Saulo, kijana wa kwetu huku, mpole. Hata yeye alikuwa hajawahi kukiona chuma cha aina ile nje ya pakiti. Alikipokea, akakiingiza kwenye mfupa wa Silvester.

Wiki ya tatu vifaa vya kuoshea kidonda vilianza kuja kwangu na harufu. Mtu aliyefanya kazi ile anaijua, na haihitaji kuelezwa. Nikauliza ni nani. Wakasema yule Mhehe wa mbao, usaha umeingia kwenye chuma. Sikuwa na desturi ya kwenda wodini, lakini nilikwenda. Nilitaka kumwona mtu aliyeweza kuoza juu ya chuma nilichokiosha mimi.

Nilimkuta amekaa kitandani, mwembamba, anagonga ubao wa kichwani kwa kifundo cha kidole.

"Kamwene mama," akasema.

"Kamwene. Unamgonga nani?"

"Naangalia kitanda chenu. Kibichi hiki. Aliyewauzia kawaibia."

"Wewe umekuja kutibiwa au kukagua samani?"

"Mama, nimelala hapa wiki tatu, kukagua ndiyo kazi niliyobaki nayo." Kisha akaonyesha mguu wake kwa kidevu. "Na huu pia nimeugonga, juu kidogo ya bandeji. Haujaitika. Unameza."

Nilimwambia atapona. Nilisema kwa ukali, kama mtu anayemgombeza mtoto, kwa sababu sikupenda alivyonitazama, kama vile nina kitu cha kumpa.

Jumatatu iliyofuata Dokta Saulo aliingia kwenye chumba changu cha kuoshea, jambo ambalo madaktari hawafanyi. Mkononi alikuwa na boksi refu jembamba, na Faustina alimfuata nyuma. Akaliweka juu ya meza, akaegemea ukuta, akamwambia Faustina arudishe chuma hiki cha pili kwa wazungu waliokileta, na yeye atawaandikia kwamba dawa yao ya juu ya chuma imeshindwa, asipewe mgonjwa mwingine. Mguu wa Chengula ataukata Alhamisi kabla sumu haijapanda.

Nikauliza, "Dawa gani ya juu ya chuma?"

Alikuwa amechoka, akanieleza kama mtu anayejieleza mwenyewe. "Mama, mwili ni wa damu, na damu ndiyo inayobeba askari wetu. Chuma hakina damu. Kijidudu kikishaketi juu yake kinajifunika utando. Umewahi kupitisha mkono ndani ya pipa la maji la siku nyingi, ukasikia utelezi?"

"Nimewahi."

"Basi ni ule. Ukishajengeka, hata umchome mgonjwa sindano asubuhi na jioni, dawa inapita juu. Ndiyo maana hawa wametengeneza chuma cha titaniamu na kukipaka madini ya fedha, tabaka jembamba kuliko karatasi ya sigara. Kijidudu kikitua pale kinakufa kabla hakijafuma utando. Kwa mfupa ulioingia udongo, kama wa yule, ndiyo tulikuwa tunategemea. Walituachia viwili."

"Hiyo fedha," nikasema, "ikiwa juu ya chuma inaonekanaje?"

"Sijui mama. Wanasema ni nyeusi-nyeusi. Haipendezi."

Wakatoka. Mimi nikafungua bomba, nikaona maji yanatelemka kijivu. Yalikuwa maji safi, najua yalikuwa safi, lakini mimi niliyaona ya kijivu.

Ningeweza kuwaita warudi. Walikuwa hawajafika hata mwisho wa korido. Badala yake nilichukua mkasi nikaanza kuuosha. Jumatatu hiyo nilijiambia chuma kikitakata hakiwezi kuleta uozo, hilo halijapata kutokea tangu dunia iumbwe. Jumanne nilijiambia ni Faustina aliyechana pakiti. Kwani kama asingechana, kingenifikiaje? Nilimtafutia Faustina makosa siku nzima, nikayapata mengi, hata ya rangi ya kucha zake. Nyumbani nilisugua sufuria zote, zilizotumika na zisizotumika. Nilikuwa na miezi ishirini tu kufika kustaafu. Nani angekumbuka ile miaka thelathini na moja? Wangekumbuka kopo.

Jumatano saa sita nilikwenda wodini. Eveline alikuwa amefika kwa basi la asubuhi kutoka Mafinga, mwanamke mfupi asiyesema sana, ameketi na fuko miguuni. Silvester alikuwa anamtania, na sauti yake ya besi ilikuwa imekuwa nyembamba.

"Mama, njoo utuamulie," akaniita. "Huyu ameniletea viatu vya kutokea hospitali. Ameleta vyote viwili. Mwambie arudi na kimoja, mzigo wa bure huo."

Eveline hakucheka. Alikiingiza kiatu cha kushoto ndani zaidi ya fuko, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto. "Vinakwenda viwili," akasema. "Vilinunuliwa viwili."

"Na kazi?" Silvester akaniuliza mimi, si mke wake. "Mpakiaji wa mguu mmoja umewahi kumwona, mama? Nitapakia kwa meno?"

Nilirudi kwenye chumba changu, nikachukua kopo nyuma ya ndoo ya sabuni, nikaenda nalo hadi ofisini kwa Dokta Saulo, nikaliweka juu ya karatasi zake. Faustina alikuwepo.

"Hiki nini?" daktari akauliza.

"Majivu na mchanga. Kile chuma kilikuja kwangu cheusi. Nikakisugua mpaka kikawa cheupe."

Daktari akafungua kopo, akachovya kidole, akasugua kati ya vidole viwili akisikia ukali wake.

"Mama, ule weusi ndiyo dawa yenyewe."

"Sasa najua."

Faustina akapaza sauti, "Nilikwambia mvuke tu! Nilikwambia usikifanye kitu kingine!"

"Uliniambia. Nikajiona najua kuliko wewe."

Walikwenda kulichukua lile boksi la chuma cha pili, ambalo lilikuwa bado halijasafirishwa. Lilikuwa na pakiti mbili, moja ndani ya nyingine, na ile ya ndani ilikuwa ya nailoni inayoonyesha. Dokta Saulo akakiinua dirishani. Kilikuwa cheusi kama nilivyokikumbuka. Hakuna aliyenitazama. Afadhali wangenitazama.

Alhamisi hawakukata, maana dawa ya chuma haikuwa imeshindwa, ilikuwa haijajaribiwa. Walimfungua Silvester, wakakitoa chuma cha kwanza, wakakata mfupa uliooza wakautupa, wakamfunga vyuma vya nje, wakamsafisha na kumchoma dawa wiki sita. Kisha wakamwingizia chuma cha pili. Siku hiyo kilibebwa ndani ya pakiti yake hadi mezani, na kilipita mbele yangu nimeshika fagio, kwa sababu kuosha vyuma nilikuwa nimeondolewa. Nilifagia korido hadi nilipostaafu. Kila aliyepita alinisalimia kwa heshima. Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa.

Chuma cha pili kilishika. Mfupa uliota. Mguu ulipungua urefu kwa upana wa vidole viwili kwa sababu ya kipande kilichotupwa, lakini ulikuwa mguu, na Eveline alikitoa kiatu cha kushoto kwenye fuko.

Kabla hajaondoka, Dokta Saulo aliniita. "Mgonjwa ana haki ya kujua. Nimwambie mimi, au utamwambia mwenyewe?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Na mama," akasema, kwa sababu alikuwa mtu mpole, "hata kingekuwa na weusi wake, labda mfupa ungeoza. Udongo ulikuwa mwingi. Hii fedha nayo si muujiza. Labda."

Labda hiyo nimeimumunya miaka sita kama pipi isiyoisha.

Sikumwambia. Nilikwenda mlangoni siku anayotoka, nimelipanga neno, na yeye akanishika mikono yote miwili. Faustina alikuwa amemwambia kwamba amshukuru Mama Sekela, ndiye aliyekwenda kwa daktari, bila yeye mguu ungekatwa. Faustina alisema kweli, na huenda alisema kwa huruma. "Mama umenipa mguu," Silvester akaniambia mbele ya watu. "Mimi sina mama, alikufa nikiwa mdogo. Sasa ninaye." Nikasema, "Ndaga, mwanangu." Asante ya kwetu Rungwe, ndiyo maneno yote yaliyotoka.

Mafinga hakupakia tena. Walimpa kazi ya kugonga. Aliketi kwenye gogo, mbao zinapita, anagonga, anachagua. Na kila mwaka magari yakishuka Uyole aliomba lifti akaja kunisalimia. Alifika saa nne asubuhi, siku zote saa nne, na sikuhitaji kuuliza nani. Kwanza nilisikia mwendo wake uani, mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, kisha mlango, ko, ko, ko. Alikuwa anaupima mlango wangu. "Umekauka sasa mama," alisema mwaka wa pili. Aliniletea mbao zilizobaki, akanitengenezea rafu ya sufuria jikoni. Aliona nazipanga matako ukutani.

"Mbona umezigeuza? Kwenu si mnaonyesha?"

"Nimezeeka. Namwonyesha nani?"

"Nionyeshe mimi." Akaigeuza moja. Ilikuwa na masizi. Akaitazama, akanitazama, akairudisha tako ukutani.

Mwaka wa nne, akinywa chai, aliuliza, "Mama, wewe uliyevijua vyuma, kile cha kwanza kilikuwa na nini?"

Chai yangu ilikuwa mkononi. Alikuwa ameketi hapo, kwenye kiti cha mlangoni, kiatu cha kushoto kimeongezwa soli. Kulikuwa na nafasi ya kutosha kabisa katika asubuhi ile.

"Vijidudu, mwanangu," nikasema.

"Aa. Vijidudu." Akagonga muundi wake mara mbili, akasikiliza. "Hiki cha sasa kinaitika."

Mwezi wa pili mwaka huu, siku nisiyoitarajia, nilisikia uani mguu mrefu na mguu mfupi. Kisha mlango, ko, ko, ko. Saa nne. Nikapaza sauti kwamba nakuja, nikaweka maji ya chai, nikafungua. Hapakuwa na mtu. Saa saba Eveline akapiga simu.

Msibani kwao nilikaa hadi mwisho. Siku ya kumaliza, wanawake huosha sufuria zote zilizopikia msiba, zile kubwa za jumuiya, ili ziende kwa msiba mwingine zikiwa safi. Walikaa uani kwa duara, majivu katikati, wanasugua na kusimuliana. Mimi nilikaa kando.

"Mama wa Mbeya," mmoja akasema, "majivu ya Kihehe yanakuchafua?"

"Mwacheni, kwao wanakula ndizi, hazina masizi."

Wakacheka kidogo, kicheko cha siku ya nne. Eveline hakucheka. Alisogeza sufuria mbele yangu, akanipa waya. "Silvester alisema hakuna anayesugua kama wewe."

Nikaishika. Nilichovya waya kwenye majivu, nikagusa sufuria, weusi ukatoka ukaonekana weupe chini yake, na mkono ukasimama. Haukutaka. Nikasema hapo hapo, mbele ya wote, sauti si kubwa.

"Eveline, chuma cha kwanza cha mume wako kilikuja kwangu na dawa juu yake. Nilidhani ni masizi. Nilikisugua kwa majivu kama haya mpaka dawa ikaisha. Ndiyo maana mfupa ulioza. Ndiyo maana mguu ulipungua. Nilimwambia daktari. Silvester sikumwambia."

Waya zote zikawekwa chini.

Niliitafuta ile labda ya Dokta Saulo mdomoni ili niiongeze. Sikuiongeza.

Eveline hakuniangalia. Alisuuza mikono yake, akaikausha kwenye kanga. "Miaka sita," akasema, "nimeukanda ule mguu kwa mafuta kila jioni. Nilipima kile kilichopungua kwa vidole vyangu, hivi. Nikamwambia Mungu, asante, umechukua viwili umeniachia vingine. Nilimshukuru Mungu kwa vidole vyako wewe."

"Ndiyo."

"Alikuwa anakuja kwako anaongea. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilimpa chai."

Aliingia ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kipande cha shuka la hospitali. Kilikuwa kile chuma cha kwanza, Silvester alikuwa amekiomba kwa daktari siku aliyoruhusiwa, mimi sikujua. Alikuwa anakwenda nacho kazini. Alikitumia kugongea mbao, akisema kina sauti nzuri kuliko kidole. Eveline akakiweka magotini kwangu.

"Hiki sikitaki nyumbani kwangu. Kichukue." Halafu akasema, "Clement ameandika mstari mmoja. Wewe unajua kuandika. Andika ilivyokuwa, ulete. Binti yetu Matilda ana miaka kumi na miwili, atasoma. Kisha ndipo nitajua kama nikuite mama au nisikuite."

Akaichukua ile sufuria kutoka mkononi mwangu, akaimalizia yeye.

Nimeandika, mwanangu Eveline. Daftari hili linaondoka na basi la kesho, na Matilda asome polepole, herufi zangu zinachosha. Jibu lako litakalokuwa, nitalipokea nikiwa nimesimama.

Chuma ninacho. Masika yote nilikiacha uani, mvua ikinyesha juu yake, nikisubiri kishike kutu au ukungu au chochote cha kukifunika. Titaniamu haishiki kutu. Kinang'aa vile vile nilivyokiacha siku ile dirishani, na kila nikikiinua naona jicho langu.

Na saa nne Silvester bado anagonga. Si kila siku. Mwanzoni nilikaa kimya nikangoja aondoke. Siku hizi nafungua, na neno nalitoa kabla sijaona ni nani, maana nilishalichelewesha vya kutosha. "Ni mimi niliyesugua," nasema. Mara nyingi ni uani patupu. Juzi alikuwa mama muuza maziwa, ameshika chupa yake, akarudi hatua moja.

"Umesugua nini, bibi?"

Nikamwambia akae kwenye kile kiti cha mlangoni. Nikamweleza yote.